Ada kwa Kitufe Kimoja

Mama Pacha, mbunifu wa programu za simu, alihangaika miezi minane ili mzazi asiye na nafasi aweze kulipa ada ya shule kwa kubonyeza kitufe kimoja. Siku ya majaribio aliipeleka programu hiyo shuleni kwa wanawe mwenyewe. Mhasibu wa shule alibonyeza, risiti ikaingia papo hapo, naye akatikisa kichwa.

"Kazi nzuri, Mama Pacha. Ila wazazi wengine tunawaona siku ya ada tu. Hata wewe."

"Nitakuja, dada. Kwani miguu si ninayo?"

"Haya. Asiyekuwepo na lake halipo."

Muhula uliofuata alilipa akiwa mkutanoni, simu chini ya meza, na shuleni hakukanyaga. Muhula wa baada yake hali ikawa ile ile. Jioni moja wakila aliwauliza pacha wake mbona siku hizi hawamsimulii habari za shule.

"Tunamsimulia bibi akija kutuchukua," alijibu mmoja kwa upole. "Wewe unachoka, Mama."

Watoto wakamaliza kula, wakaosha mikono, wakaenda zao kulala.