Kengele ya Uji

Jina alilopewa na wazazi wake halikutumiwa na mtu pale kituoni. Watoto walimwita Bibi Mwiko, kwa kuwa mwiko wake ulikuwa mrefu kuliko baadhi yao, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa kuwapikia uji watoto waliokimbia mapigano, kwenye banda nyuma ya shule, kwa masufuria mawili ambayo ungeweza kumkogeshea mtu mzima.

Asubuhi ile lilikuwa limeletwa kundi jipya, kutoka upande ambako watu wa bunduki walikuwa bado hawajaondoka. Walikaa ukutani, hawachezi, hawalii. Bibi Mwiko hakupenda kimya kile. Mtoto asiyelia, alisema, ni kama chungu kisichochemka: ama moto umezimika, ama kimepasuka.

"Sasa hawa tutawaitaje kula?" akauliza msimamizi wa kituo, kijana mpole aliyezoea kutaniwa naye. "Majina yao bado hatuyajui."

"Njaa haiitwi kwa jina, mwanangu. Nitafutie kitu cha kugonga."

Msimamizi akatundika rimu ya gari kwenye nguzo ya banda, akampa kipande cha nondo. Bibi akagonga. Ngaa, ngaa, ngaa. Alikuwa amelea wajukuu. Alijua watakuja mbio wakikanyagana.

Hawakukimbia. Waliinuka kwa pamoja, wakajipanga. Wavulana kulia, wasichana kushoto, wafupi mbele, warefu nyuma, mikono kichwani, macho chini. Hakuna aliyewaambia.

"Ona nidhamu hiyo," msimamizi akasema, amefurahi. "Wangu nyumbani hata kunawa uso ni ugomvi."

"Hawa wamelelewa. Wako wamefugwa," Bibi akajibu, akacheka, akarudi jikoni. Sufuria la kwanza lilikuwa tayari. La pili lilikuwa chini, tupu, likingoja maji. Akanyanyua ndoo ya maji yaliyotokota, akafunua kifuniko kwa mkono wa kushoto, akainamisha.

Macho mawili yakamtazama kutoka ndani ya sufuria.

Hadi leo hajui nguvu za kuivuta ile ndoo zilitoka wapi. Maji yalimwagikia miguu yake, ngozi ikababuka, wala hakuhisi. Ndani alikuwa mtoto wa kiume aliyeachishwa ziwa juzijuzi tu, amejikunja, amejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

Msichana mmoja akatoka mstarini, mikono bado kichwani.

"Bibi, usimtoe. Mdogo wangu huyo, nilimficha mimi, hawezi kubeba kitu. Nichukueni mimi."

"Nikuchukue wapi, mjukuu wangu?"

"Huko mnakowapeleka." Alisema kama mtu anayeelekeza njia ya kisimani. "Kwetu wale wakija wanagonga kengele ya shule. Tunajipanga, wanachagua. Kaka alikuwa mstari wa nyuma."

Msimamizi alikaa juu ya kuni. Bibi Mwiko akautazama ule mstari upya. Wafupi mbele, warefu nyuma. Kumbe walikuwa wamepangwa kama mbuzi wa mnadani, na aliyegonga ni yeye.

"Shusheni mikono, wanangu," akasema. Hakuna aliyeshusha. Akarudia polepole. Walikuwa wanangoja achague.

Basi akaacha kuamuru. Akachota uji, akachechemea hadi kwa aliye mfupi kuliko wote, akaketi mavumbini mbele yake, akapiga funda moja yeye mwenyewe, kisha akamnyooshea kikombe. Mtoto akashusha mkono mmoja. Wa pili aliuacha kichwani, akanywa hivyo hivyo.

"Bibi, miguu yako," msimamizi akasema.

"Miguu itangoja. Wewe chota."

Wakapita mtoto kwa mtoto. Walipofika kwa yule msichana, alikaza midomo, akatazama jikoni. Msimamizi akaenda kumtoa mdogo wake. Mtoto akang'ang'ania ukingo wa sufuria kwa kucha, bila sauti.

"Mwache," Bibi akasema. Akainama, akateremsha kikombe ndani, akangoja. Kisha ikasikika sauti ya kufyonza, tena ya pupa, na baadaye kikombe kitupu kikapanda juu ya ukingo, kimeshikwa na vidole vidogo.

Dada mtu akakitazama kikombe kile. Akashusha mkono, akapokea chake.

"Sasa Bibi," msimamizi akanong'ona, "uji wa wengine tutapikia wapi?"

"Hilo lina mwenyewe," Bibi akasema. "Tutapika mara mbili kwenye hili moja."