Mashine Inayojua Kusalimia

Sikuhitaji kitabu cha maelekezo. Nilimwambia hivyo Mama Mwantumu siku aliponikabidhi sanduku, kisha nikakisukuma kitabu chini ya mguu wa meza yake uliokuwa ukiyumba. Meza ikatulia. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kitabu kile kilifanya.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vipande vya plastiki zaidi ya mia nne, mota tatu, magurudumu, sensa mbili za kuona kilicho mbele, spika, na kikasha cha betri ambacho ndicho ubongo: unakipangia amri kwenye simu, chenyewe kinatii. Mama Mwantumu alilinunua Arusha kwa ajili ya mwanawe. Mwanawe alivichezea mwaka mzima, akaenda chuo. Sasa mama, ambaye ana duka la misumari na mabati Mbulu mjini, alitaka kulitoa sanduku kwa sekondari ya kwetu Endagikot, bodi ya shule ikikubali. Na bodi ikikubali, mimi ninayetengeneza simu barazani kwake ningefundisha klabu kila Jumamosi.

Mimi, Gidion, niliyepata F ya hesabu katika shule ileile, ningeitwa mwalimu. Nililitaka neno hilo kuliko chakula.

Bodi maana yake ni Mzee Bonaventura. Wajumbe wako saba, lakini akikohoa yeye, sita wanatafuta leso. Nikajiuliza, mzee kama huyu anapenda nini? Heshima. Kwetu ukimpita mtu mzima bila shikamoo, mama yako anajua kabla hujafika nyumbani. Basi nikaamua kuunda mashine inayosalimia.

Nilikesha nayo wiki tatu. Ikawa na magurudumu manne, kichwa cha njano kinachoinama, na mlingoti mrefu. Sensa moja niliiweka chini, nyingine juu ya mlingoti, futi tano kasoro kidogo. Zikiona mtu zote mbili, huyo ni mkubwa. Ya chini ikiona na ya juu isione, huyo ni mtoto. Maneno niliyatunga mwenyewe, mizani nane nane, nikayarekodi kwa sauti yangu.

Mama Mwantumu, mwanamke mrefu, akasimama mbele yake. Kichwa cha njano kikainama.

"Shikamoo, nainama, karibuni darasani."

"Marahaba, mwanangu wa plastiki!" Alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Akauokota, akaitazama mashine. "Gidion, huyu anamjuaje mkubwa?"

"Kwa urefu, mama."

"Mh. Na marehemu mama mkwe wangu, aliyekuwa ananifikia kwenye kiwiko?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Haya. Mimi nauza misumari."

Siku ya bodi ilikuwa Jumatano asubuhi, ukungu umefunika hadi madirishani. Wanafunzi walishajaa darasani. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mashine, kwa sababu simu ilikuwa imepoteza mawasiliano nayo.

"Gidion, wageni hao," mtu akasema.

"Nawaona," nikajibu, macho kwenye simu.

Simu ikaipata mashine sekunde ileile Yohanes alipoingia na viti vya wajumbe. Yohanes ni mwanafunzi wa kidato cha nne, urefu futi sita. Kichwa kikainama mbele ya kaptula yake ya shule.

"Shikamoo, nainama, karibuni darasani."

"Marahaba," akaitikia Yohanes, na darasa zima likalipuka.

Nyuma yake akaingia Mzee Bonaventura. Jembe limempinda mgongo kwa miaka themanini. Kofia yake ya sufu ilipita chini ya sensa ya juu kwa vidole viwili tu.

"Hujambo mtoto mwema, kaa chini utulie."

Kicheko kikakatika. Wajumbe sita wakatazama dari.

"Imesemaje?" mzee akauliza.

Nilimwomba Mungu betri ziishe. Lakini mzee alikuwa bado amesimama pale mbele, na mashine inatii amri zangu. Ikarudia.

"Kaa tu, mzee," Mzee Sulle, mjumbe aliyekuwa nyuma yake, akamnong'oneza. "Isije ikasema mara ya tatu."

Mzee akakaa. Mashine ikanyamaza, imeridhika.

Nikaruka. "Mzee, kosa ni dogo sana, ni mlingoti, nikiushusha inchi tatu hivi..."

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Na maneno?"

"Yangu pia. Nimeyatunga mwenyewe." Hata pale sikuweza kujizuia. "Mizani nane kila kipande."

"Mazuri. Umeifundisha siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu unaifundisha kusalimia." Akaweka fimbo magotini. "Sasa mimi nimeingia humu. Yenyewe imenisalimia vibaya. Wewe uko hapo nyuma yake, una mdomo, una magoti, hujanisalimia kabisa."

Ilikuwa kweli.

"Sanduku libaki," akawaambia wajumbe. "Ni kitu kizuri, watoto wajifunze. Huyu mwalimu wake aje kwangu Jumamosi asubuhi. Aje mwenyewe, bila hiyo."

Jumamosi nilianza safari ya kwenda kwake, kijiji cha Daudi, nikageuka njiani mara mbili. Nimwangukie mtu kwa ajili ya inchi tatu? Lakini neno mwalimu lilinivuta hadi uani kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

Punje zinaanguka.

Nikainama. "Shikamoo, mzee."

Punje tu.

Nikachuchumaa kwenye maganda, mpaka kichwa changu kikawa chini ya ile kofia ya sufu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu," akasema papo hapo. "Na ile yako ishushe hivyo hivyo."

Nikaushusha mlingoti hadi urefu wa mzee akiwa kwenye kigoda. Sasa mashine inampa shikamoo kila anayeingia, hata mbuzi wa mwalimu mkuu. Watoto wa shule ya msingi jirani wanapanga foleni mlangoni waitikie marahaba, na kazi haiendi. Siku za bodi nasimama mbele yake, nawahi kuinama kabla yake.