Yowe la Felisita

Uliizima redio, usikatae. Walipotangaza kwamba mjumbe wetu kwenye baraza la mataifa hakupiga kura ya kusimamisha mabomu katika ule mji wa ng'ambo, wewe uliendelea kushindilia pamba guniani.

Felisita wa hapa Kasoli alisikia yote. Bintiye Joyness anasoma katika mji huo unaopigwa, na simu yake haipatikani tangu jana. Felisita akapiga yowe. Tulikimbilia kwake na fimbo, maana kwetu asiyeitika yowe hutengwa.

"Ng'ombe wameibwa, mayu, mama yetu?" aliuliza Masunga, kamanda wa sungusungu.

"Mwanangu anauawa. Nchi yetu haikuitika. Na yenyewe mtaitenga?"

Masunga akatutuma kwa wote ambao hawakufika.

Kura inarudiwa kesho. Yowe umelisikia. Toka, twende kwa mbunge sasa hivi, aibane serikali ipige kura.