Kimya ni Ruhusa

Karakana ya mbao ilikuwa na sheria moja ya Afande, mwenye karakana, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Anayetaka kuwasha msumeno wa meza apaze sauti, "Nawasha!" Aliye chini ya meza akizoa unga wa mbao aitikie, "Bado!" Asipoitika mtu, bonyeza. Kimya ni ruhusa. Sheria hiyo aliitoa jeshini, kwenye mizinga, alikotumika hadi upara ukamkaribisha uzeeni, nayo ndiyo iliyomrudisha nyumbani mzima.

Mzima, ila masikio. Kichwani mwake kulikuwa na mlio mwembamba usiokoma, kama birika linalochemka chumba cha pili, na mwaka huu ulipanda ukafunika sauti za watu. Hakumwambia mtu. Alisoma midomo, akacheka wenzake walipocheka, na mkewe alipomsema kwa kufungulia redio hadi majirani wakanuna, aliisingizia redio. Aliogopa, basi. Fundi asiyesikia nani atamwachia msumeno? Angepelekwa kukaa barazani kama gunia la mkaa.

Asubuhi hiyo alikuwa na haraka. Jana yake umeme ulimtia hasira: alipaza sauti, akabonyeza, msumeno haukuzunguka, akabonyeza tena, wapi, umekatika. Akautukana wee, na kazi za wateja zikalala. Leo taa zilikuwa zinawaka. Akasimama mbele ya kitufe.

"Nawasha!"

Akasubiri. Mlio tu. Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe alipoziona ndara za mkwewe, zimevuliwa kando ya mguu wa meza.

Akakiondoa kidole. Akapiga magoti, akachungulia. Mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa amelala chali chini ya meno ya msumeno, brashi mkononi, mishipa ya shingo imemtoka kwa kupiga kelele. Afande aliiona midomo ikisema bado, bado, bado. Hakusikia kitu.

Alimvuta nje kwa miguu, wakakaa sakafuni kwenye unga wa mbao, wote wawili wakihema. Ujanja ulikuwa umemwishia.

"Sisikii, mwanangu," alisema. "Siku nyingi sasa. Niliogopa kusema."

Mkwewe hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alikaa akimtazama, rangi imempotea usoni, kama mtu anayekumbuka kitu asichotaka kukikumbuka. Kisha akamsogelea ili midomo yake ionekane vizuri, akasema polepole.

"Baba, hata jana nilikuwa chini. Nikakuitikia. Msumeno haukuwaka, nikajua umenisikia."

Afande alikitazama kidole chake. Jana kilibonyeza mara mbili.