Jodari Anawasha

Sikwenda Guangzhou kufundishwa samaki. Baba yangu alinadi samaki pale Malindi, Unguja, kwa miaka thelathini, na mimi nilijua kumfunua nguru mashavu kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nikikumbuka mkalimani wetu Sufian alivyoniambia, "Dada, hujui vya watu," damu inanichemka mpaka leo.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Nilikuwa nikinunua viatu vya shule kwa Laoban Chen, bosi mwenye kiwanda, miaka mitatu mfululizo. Safari hii alikuwa ameniahidi uwakala: kiatu chake kisiingie Tanzania nzima ila kwa mkono wangu. Aliyewahi kuuza viatu Kariakoo anajua maana yake. Sote tulikuwa tunabeba mzigo uleule kutoka soko la Zhanxi, tukifika nyumbani tunauana kwa bei. Nilikaa hotelini Xiaobei wiki tatu nikingoja karatasi hiyo moja, watoto nimewaacha kwa dada yangu, duka limefungwa.

Chen akasema tutasaini baada ya chakula cha mchana. Kwa kuwa alishajua nguruwe simgusi, akatafuta mkahawa wa Kijapani, kijisehemu kidogo nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, unaopika samaki tu. Meza sita, jiko la mkaa nyuma ya kaunta, mzee wa Kijapani akichoma na mkewe akihudumia. Pasafi, siwezi kusingizia.

Alikuja na mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Alinishika mkono tangu mlangoni, akaizungusha bangili yangu, akakagua hina yangu kidole kwa kidole, akacheka. Nikampenda palepale. Wa nne alikuwa Sufian, mkalimani wetu, kijana wa Ilala aliyekuja China kusoma, masomo yakaisha, yeye akabaki. Kichina anakijua, hilo nalo siwezi kumnyima.

Samaki akaletwa. Jodari, minofu mizito, amechomwa kwa chumvi mpaka ngozi imebabuka vizuri. Nikapiga bismillah, nikatia kipande mdomoni, nikatafuna mara mbili. Ulimi ukawasha.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Jodari aliyekaa bila barafu anaweza asinuke, asibadilike hata rangi, na moto haumsaidii kitu. Atakuchoma ulimi kama pilipili manga, halafu uso unakuiva, moyo unakwenda mbio, kichwa kinataka kupasuka. Mtu mwenye nguvu zake atahangaika siku moja au mbili, atapona. Bi Shifa, jirani yetu Malindi, alikuwa mzee kama yule bibi. Alimla jodari wa hivyo, akalazwa siku nne na hakurudi alivyokuwa.

Nikatema kwenye kitambaa. "Sufian, waambie wasile. Samaki huyu anawasha."

Sufian akamgeukia Chen na tabasamu lote, akasema maneno marefu. Chen akaninyanyulia kidole gumba, akaniwekea kipande kingine, kikubwa zaidi, yeye mwenyewe bado hajaonja.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba umesema mtamu."

"Sufian!"

"Dada, tulia basi. Yeye ndiye mwenyeji, mkahawa kauchagua mwenyewe. Ukimwambia kaleta wageni kwenye samaki mbovu, umemvua nguo mbele ya mama yake. Meza kidogo, tusaini, twende zetu. Hujui vya watu."

Na yeye mwenyewe akatia kipande mdomoni, akameza, akafuata kingine, akimtazama Chen kama mwanafunzi anayengoja alama.

Nikaona nijisemee. Kichina changu ni cha sokoni, maneno kumi hayafiki. "Bu hao," nikasema nikionyesha sahani. Mbaya. "Bu hao, bu hao!" Chen akamtazama Sufian. Sufian akacheka, akasema kitu, na Chen naye akacheka. Mpaka leo sijui alisema nini. Bora nisijue, maana nina mkono mwepesi.

Bibi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameshachambua kipande cha tumboni, chenye mafuta, amekivutia upande wake wa sahani na sasa anakinyanyua kwa vijiti. Kikafika kidevuni.

Nikasimama nikampokonya. Sahani nikaivuta kwa mkono mmoja, vijiti nikavipiga kwa mwingine. Kipande kikamwangukia kifuani, juu ya koti lake la hariri. Mkahawa wote ukatugeukia. Chen aliinuka akiwa mwekundu, na wekundu wake haukuwa wa samaki.

Mzee Mjapani akatoka jikoni. Huyo sikumhitajia mkalimani. Nikatoa ulimi, nikaukuna kwa kidole, nikamwonyesha sahani. Akachukua kipande kwa vidole, akakiweka mdomoni, akasubiri. Kisha akakitemea kiganjani. Akapita meza moja baada ya nyingine akiwaondolea watu chakula mbele yao, wengine vijiti viko hewani, akarudi akauzima mkaa. Akamwinamia bibi. Akaniinamia na mimi, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaona haya. Alikuwa mgeni kama mimi katika mji ule, na ndiye pekee niliyeelewana naye siku hiyo.

Nikamgeukia Chen nikidhani sasa ameona kwa macho yake. Akasema maneno machache bila kunitazama, akamshika mama yake mkono, wakaondoka. "Anasema kesho," Sufian akafasiri.

Kesho yake Chen hakuja. Alikuja Sufian, akanigongea mlango saa sita mchana. Uso ulikuwa umemvimba, masikio mekundu mpaka shingoni, macho hayafunguki vizuri. Mkononi ana karatasi yenye mhuri mwekundu. Sikuhitaji kuisoma.

"Dada Muzdalifa, usinifikirie vibaya. Ni yeye aliyeniita."

"Uwakala kakupa wewe."

"Anasema mtu anayemrudisha samaki mbele ya watu, na viatu atavirudisha hivyohivyo. Anataka mstahimilivu."

"Mama yake yuko vipi?"

"Mzima. Hakula hata chembe."

"Na Chen anajua kwa nini hakula?"

Sufian akakuna shingo. "Anasema ulimwaibisha mama yake." Kisha, bila soni, akaongeza, "Lakini wewe utakuwa mteja wangu wa kwanza. Bei nitakufanyia nzuri."

Nikamtazama ile midomo iliyovimba. Kijana amekula sumu akijua, ameangalia kikongwe akitaka kuila, na kwa hilo ndiyo amepewa Tanzania nzima.

"Soli za Chen zimeachia mara mbili," nikamwambia. "Mara zote mbili nilimrudishia mzigo, akaupokea kwa sababu anajua sinyamazi. Wewe hutamrudishia. Hasara utaila, umeshazoea kumeza."

Nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikalia. Nililia kwa hasira, asije mtu akasema ni majuto. Nirudisheni mezani pale leo hii, nitampokonya bibi yule sahani tena. Nitamsogezea Sufian, aimalize yote.