Damu ya Ndani ya Yai

Mimba ya Nyabate ilipoanza kuonekana, nusu ya kijiji cha Sigowet iligeuka madaktari. Daktari mkuu alikuwa mama mkwe wake, Tecla, aliyeagiza mboga za managu asubuhi, maziwa ya mursik mchana, na managu tena jioni.

"Kula, mama. Mtoto anakunywa damu yako, na wewe umekauka kama kuni," alisema. "Bahati nzuri ako na damu ya Kipkurui. Hiyo ndiyo itamwokoa."

Kipkurui, mume wa Nyabate na mwokozi mwenyewe, alikuwa amelala kwenye kochi akitazama mpira.

Nyabate alifundisha baiolojia shule ya upili, na bado aliamini, maskini, kwamba mtu akionyeshwa jambo kwa macho yake ataelewa. Akamwongoza Tecla hadi stoo yenye giza, ambako kuku alikuwa ameatamia mayai kwa siku chache. Akachomoa yai moja, akalimulika kwa tochi ya simu. Ndani kukawaka mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui, na katikati nukta ikidundadunda.

"Uwi! Iko hai?"

"Iko hai, Mama. Sasa niambie, hiyo damu imeletwa na nani? Kuku hana mshipa hata mmoja unaoingia humo. Vinatokea vidoa vidogo juu ya kiini. Seli za nje ya kidoa zinakuwa ukuta wa mshipa, za ndani zinakuwa damu. Zinakua pamoja, halafu vidoa vinaungana. Na mtoto wangu ni hivyo hivyo. Chakula nampa mimi, lakini damu anajitengenezea. Si yangu, si ya Kipkurui."

Lilikuwa somo zuri. Kidato cha tatu hawakuwahi kulipata hivyo. Tecla alilikodolea yai macho, uso umelainika kabisa, na Nyabate akajipongeza kimoyomoyo.

"Kumbe kazi yote anafanya mtoto," Tecla akasema polepole.

"Ndiyo, Mama!"

"Na wewe unashinda umeinua miguu, umechoshwa na nini? Kesho tunachuma chai. Kikapu kiko nyuma ya mlango."

Nyabate alirudisha yai, kuku akamdonoa kidole. Akaenda sebuleni kumwomba mumewe amtetee.

Kipkurui alifikiri sana, bila kutoa macho kwenye mpira, kisha akasema yeye hawezi kupinga sayansi.