Salamu za Jangwani za Mzee Veikko

Lilian hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulizoea kumtangulia. Kazi yake ilikuwa kupokea watu wa kujitolea kwenye ofisi ndogo ya shirika pale Engutoto. Asubuhi hiyo alikabidhiwa Mzee Veikko, fundi bomba mstaafu kutoka Ufini, ampeleke kuona kituo chake kipya cha kazi kwa mara ya kwanza. Barua ilisema kituo kipo jangwani, na mzee alikuja amejiandaa kwa jangwa kwelikweli: kofia yenye pazia kisogoni, buti za kuzuia nyoka hadi magotini, na madumu matatu ya maji.

Walipopita Oldonyo Sambu, mzee akauliza kwa Kiswahili chake cha wiki sita, "Lilian, watu wa jangwani wanasalimianaje?"

Lilian, mzaliwa wa Maji ya Chai, kwenye migomba na mifereji, hakuwa amewahi kukanyaga upande huu mkavu wa mlima. Angeweza kusema sijui.

"Hawapeani mikono, mzee," alisema. "Mgeni anaruka mara tatu mbele ya mwenyeji. Akiruka juu sana, ndiyo anapendwa."

Alitegemea mzee atacheka. Mzee akatoa daftari, akaandika. Lilian akakaza macho barabarani na kuuma mdomo wa chini.

Walipofika, Mama Naserian, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa amesimama na akina mama wenzake mbele ya kanisa la mabati. Lilian alikuwa bado anahangaika na mkanda wa gari, akitaka kumwahi mzee amwambie ukweli. Alichelewa. Mzee Veikko alishuka, akajiweka sawa, akaruka. Moja. Mbili. Ya tatu ilitimua vumbi na kumwangushia kofia.

Mama Naserian alimtazama mgeni, kisha akamtazama Lilian, ambaye ghafla alikuwa anakagua tairi.

"Shikamoo, mama," Lilian alisema.

"Marahaba. Nani kamfundisha mzee?"

"Mimi, mama."

"Umefundisha vizuri," alisema Mama Naserian, uso mkavu. "Ila umesahau nusu. Mgeni akisharuka, aliyemleta ndiye anakwenda kuchota maji ya chai yake. Wewe mtoto wa wapi?"

"Maji ya Chai, mama."

Akina mama walishikana mabega kwa kicheko. "Basi hata jina linakuita! Punda yule pale."

"Mama, kwenye gari kuna madumu..."

"Chai ya mgeni haipikwi kwa maji ya mgeni."

Nalepo, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, alitumwa kumwonyesha njia. Kisima kilikuwa mbali, na punda alisimama kila alipojisikia. Lilian alisukuma, akabembeleza, akatukana kwa Kimeru. Nalepo alipiga mluzi mmoja tu, punda akatembea. Njiani walipita bomba lililopasuka, limekauka kama mfupa.

"Mwaka wa pili huu," Nalepo alisema. "Nakuja huku mara mbili kwa siku."

Lilian akaacha kumtukana punda, akasukuma.

Waliporudi, jua lilikuwa limeshapita utosini. Mzee Veikko alikuwa kivulini, buti kavua, anachora mabomba mchangani huku akina mama wakimsahihisha. Alikuwa anamaliza kikombe cha tatu cha chai.

"Mzee, nisamehe," Lilian alisema, raba zake nyeupe zimegeuka matope. "Lile la kuruka nilitunga."

"Najua. Mama aliniambia ulipokata kona tu."

"Ulikasirika?"

"Kidogo. Halafu akaniambia habari za yule punda." Mabega yalianza kumtikisika.

Mama Naserian aliinuka. "Sasa jifunzeni ya kweli. Mzee, wewe unatoa mkono tu. Anayeinamisha kichwa ni mdogo, mkubwa amguse utosini."

Lilian akainamisha kichwa. Mama Naserian akaweka kiganja utosini pake na kukiacha hapo muda mrefu, kwa uzito wa kutosha kuwafanya akina mama waanze kucheka upya.